Upande wa Pili wa Shuka

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na mithali hiyo imewaponza watu wengi wasio na hatia. Inasemwa kwamba Bi Pembe alinunuliwa. Inasemwa alikula njama na wakubwa wa hospitali ili abaki peke yake katika nyumba ambamo wenzake walitolewa kama taka. Inasemwa pia kwamba ukoo wake, kwa majivuno ya watu waliosoma, ulimkata jirani yake kwenye picha makusudi, ili sifa zisigawanywe. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Mwenyewe ameamua kunyamaza, na kunyamaza ni haki yake. Lakini kimya cha mtu mmoja kisipewe nafasi ya kuchafua jina la watu wengi.

Bi Pembe si jina alilopewa na wazazi. Alilipata katika chumba cha kufulia cha hospitali, alikoingia akiwa msichana mwembamba na kuzeekea humo, mikono ikinuka sabuni na dawa ya kung'arishia. Shuka za wodini hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika huku, mwingine kule, wanaivuta, wanaikung'uta mara moja ipige mlio kama kofi, wanakutanisha pembe kwa pembe, kisha wanasogeleana kama watu wanaotaka kusalimiana; mmoja anaachia, mwenzake anapokea. Mtu peke yake anaweza kuikunja, ndiyo, lakini itaburuzika, na shuka iliyogusa sakafu hurudi kwenye mashine. Bi Pembe hakuvumilia pembe iliyopishana. "Pembe!" alipaza sauti juu ya ngurumo za mashine, na shuka ikarudiwa. Vijana wa kusukuma vikapu walimtania: "Huyu mama mkimwona hana pembe msidanganyike, kazificha kwenye kilemba." Jina likaganda.

Aliyemshikia upande wa pili miaka yote hiyo alikuwa Jirani. Naye alikuwa na jina lake, ila Bi Pembe hakulitumia, kwa kuwa milango yao ilitazamana kwenye ghorofa ya tatu ya nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali. Jirani alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Kazini ushirika wao ulikuwa wa shuka. Nyumbani ulikuwa wa chumvi, kiberiti na umbea. Bi Pembe hakuolewa. Jirani aliolewa mara mbili, na alisema mara zote mbili alikuwa akijaribu tu.

Kaka yake Bi Pembe, mwalimu mkuu mstaafu, alipofariki aliacha mjane, mwalimu kama yeye, ambaye ndiye mwandishi wa haya, na binti mmoja anayefanya kazi benki. Wifi na wifi hawakosi la kutupiana, na hawa wawili hawakuwa malaika.

"Wifi, umesoma mpaka umesahau kukunja shuka," alikuwa akisema Bi Pembe.

"Na wewe umekunja shuka mpaka umesahau kuolewa."

Wakacheka, wakamiminiana chai. Hapakuwa na kinyongo.

Mambo yaliharibika siku tangazo lilipobandikwa ukutani, chini ya ngazi. Wapangaji wote wahame. Nyumba zitabomolewa ili pajengwe maegesho ya magari ya wodi mpya ya kulipia. Watu waliokesha na wagonjwa wa hospitali hiyo umri wao wote waambiwe wapishe magari! Jioni ile walikutana uani, katikati ya kamba za nguo. Mzee mmoja, dereva wa gari la wagonjwa, ndiye aliyesema neno.

"Barua hazisomwi. Sisi tukaseme nini tena? Jumatatu asubuhi twende wote, na watoto, na vigoda vyetu, kwenye korido ya utawala. Hatutukani mtu, hatuvunji kioo. Tunakaa. Anayetaka kupita, aturuke."

"Na tukiambiwa tuondoke?" aliuliza fundi bomba wa ghorofa ya pili.

"Tunakaa."

"Na wakiita askari?"

"Wewe vipi? Kukaa nako kunahitaji semina?"

Watu walicheka na kupiga makofi, wakakubaliana. Kabla ya kulala, kundi lao la simu lilikuwa limejaa maswali ya nani ana vigoda vya ziada na nani atabeba maji ya watoto.

Jumapili yake mchana, binti wa benki alikwenda kumwamkia shangazi yake. Aliwakuta wawili hao kwenye korido, kila mmoja juu ya kigoda mbele ya mlango wake, shuka imevutwa kati yao, wakisubiri kuikunja lakini wamezama kwenye umbea wa mtu fulani wa maabara. Mwanga uliingia vizuri kutoka kwenye ngazi. Binti akatoa simu.

"Shangazi, msisogee. Hivyo hivyo."

Jirani aliachia kicheko, kisha akakumbuka kichwa chake na kukishika kwa mikono miwili, shuka ikamporomokea magotini. "Wee mtoto! Nywele zimesimama kama brashi ya choo, ndiyo unanipiga picha? Nitoe humo!"

"Mama, mbona umependeza?"

"Nimependeza nini! Nitoe, nakwambia. Muache huyo shangazi yako mwenye kilemba chake. Mimi nitoe kabisa, hata kidole kisionekane."

"Muache bwana," Bi Pembe alisema, "watu waone nani alikuwa anavuta shuka yangu."

"Wataona shuka inatosha."

Yule binti amelelewa. Mkubwa akisema nitoe, anatolewa. Alichagua picha ya kwanza, ile iliyopigwa kabla shuka haijaporomoka, akaikata upande mmoja, akamwonyesha Jirani, na Jirani akasema, "Hapo sawa." Kilichobaki kilikuwa Bi Pembe juu ya kigoda, uso umetulia, ameshika pembe mbili za shuka, na shuka yenyewe imenyooka hadi ukingo wa picha, inavutwa na mtu asiyeonekana. Binti akaandika maneno machache kuhusu nyumba na tangazo, na juu yake neno moja la yule mzee: TUNAKAA. Akairusha mtandaoni.

Kukaa ni neno la ajabu katika lugha yetu. Ni neno la mvivu na ni neno la shujaa. Mtu hukaa kitini kwa sababu amechoka, na mtu hukaa mahali pake kwa sababu amekataa kuondolewa. Ilipofika magharibi, watu wasiojua hata mlango wa hospitali ile walikuwa wakijipiga picha wamekaa. Walikaa kwenye makochi. Walikaa kwenye viti vya ofisi vinavyozunguka. Bwana na bibi harusi walikaa. Timu nzima ya mpira ilikaa kwenye benchi la akiba. Mtu mmoja alimkalisha mbwa wake kwenye stuli, na mbwa yule alipendwa kuliko wote. Chini ya kila picha, neno ni lile lile.

Wapangaji walishinda na simu mikononi, macho yamewatoka. Ndipo fundi bomba alipoandika kwenye kundi lao: "Sasa kesho tunakwenda kufanya nini? Nchi nzima imeshakaa kwa niaba yetu." Mwingine akajibu kwamba kwenda kungewakera wakubwa bure, wakati mambo yanajiendea yenyewe. Mwingine alikuwa na zamu. Maswali ya vigoda yakapotea chini ya picha za watu wasiowajua.

Jumatatu asubuhi, kwenye korido ya utawala, walikaa watatu: mzee dereva, Jirani na Bi Pembe.

Karani alitoka na simu. "Jamani! Mama, ni wewe mwenyewe? Naomba nikae karibu yako kidogo." Alichuchumaa, akatabasamu, akajipiga picha naye, akawaletea chupa za maji, kisha akarudi ndani na kufunga mlango. Walikaa mpaka ofisi ikafungwa. Watu watatu kwenye korido ndefu si kikwazo. Wanaonekana kama ndugu wa mgonjwa wanaosubiri majibu. Hakuna aliyelazimika kuwaruka.

Katikati ya wiki msemaji wa hospitali alisimama mbele ya kamera. Alisema hospitali ni sikivu na imesikia sauti ya wananchi. Mama wa kwenye picha hatahamishwa. Ataishi katika nyumba yake muda wote atakaoutaka. Hakusema kitu kuhusu mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyemuuliza. Mtandaoni watu walipongezana. TUMESHINDA, waliandika, na wengi wao wakalala usingizi mzuri.

Wiki iliyofuata kazi ya kuwatoa wapangaji ilianzia ghorofa ya chini.

Yule binti alikwenda na simu yake akapiga picha za makabati uani, magodoro, mtoto aliyelala ndani ya beseni. Akaandika kwa kirefu. Waliojibu walikuwa wachache. "Hii si tulishaimaliza?" aliuliza mmoja. "Dada, umaarufu umekunogea," aliandika mwingine. Mshindi harudi uwanjani kesho yake kuangalia kama goli bado limo.

Wapo wasomi wanaosema kelele za kidole kwenye simu hazifanyi kitu. Hawakuwa pale. Zilifanya. Ziliuzuia mlango mmoja usiguswe, ule uliokuwa kwenye picha. Na mlango unaotazamana nao, umbali wa shuka moja, ukang'olewa pamoja na bawaba zake.

Siku Jirani anatoka, Bi Pembe alisimama ngazini, amezuia njia kwa mwili wake mdogo.

"Jirani, njoo kwangu. Vyumba viwili, mimi nalala kimoja tu. Njoo ukae."

"Nikae wapi? Nje ya picha?"

"Usiseme hivyo, mwenzangu. Si wewe mwenyewe uliye..."

"Najua nilichosema."

Bi Pembe alisogea pembeni, Jirani akapita na sufuria zake. Sentensi ile Bi Pembe hakuimalizia siku hiyo, na hajaimalizia mbele ya mtu yeyote tangu hapo, hata alipotukanwa, hata alipoitwa msaliti na watu aliowafulia. Angeimaliza, angesafishika papo hapo. Lakini alijua kwamba mwenzake amepoteza nyumba kwa ajili ya nywele ambazo hazikuchanwa, na mtu aliyejiponza hivyo hahitaji wa kumkumbusha. Haya yanaandikwa bila ridhaa yake. Heri akasirike kuliko ukoo mzima uitwe wezi wa sifa.

Kazini, Jirani hakugombana naye. Alimwamkia. Ila hakushika tena upande wa pili. Msimamizi alipompangia Bi Pembe mtu mwingine, yule akaumwa mgongo. Wa tatu akakumbuka ana vikapu vya kupeleka wodini.

"Kwani mama atakunja na nani?" msimamizi aliuliza.

"Akunje na mtandao," sauti ilitoka nyuma ya mashine, na chumba kizima kikaangua kicheko. Jirani hakucheka, lakini hakunyanyua kichwa.

Bi Pembe alikunja peke yake. Aliibana shuka katikati kwa kidevu, akanyoosha mikono mpaka mabega yakatetemeka, na bado ncha ziligusa sakafu. Akairudisha kwenye mashine, akaifua, akaikausha, akaikunja, ikagusa tena. Hakupaza sauti. Hapakuwa na wa kupazia.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Jengo lisilo na watu halinyamazi, linatoa milio. Milango ilikwisha ng'olewa, upepo ukawa unaingia ghorofa moja na kutokea nyingine, ukitembeza vumbi, karatasi na kandambili moja ya mtoto. Hospitali iliacha bomba lake moja, taa yake moja, na mlinzi mmoja getini. Hata kubomoa wakashindwa, kwa sababu yake. Wale waliotolewa walipita nje, wakaona nyumba zao zimesimama tupu na taa ya mtu mmoja inawaka juu. Utawalaumu kwa walichofikiri? Na karibu kila Jumamosi walikuja wageni, vijana wenye adabu, kupiga picha mbele ya mlango ule. Bi Pembe alipoingiza kigoda ndani, walianza kuja na cha kwao.

Akaamua kurudisha ufunguo. Afisa wa nyumba hakuupokea. Aliutazama juu ya meza kama mtu aliyewekewa nyoka.

"Mama, unataka kutuletea balaa?"

"Nataka kuhama tu, mwanangu."

"Ukihama leo, kesho tutaambiwa tumekutoa kwa nguvu. Mkurugenzi akiniita nitamwambia nini? Kaa, mama. Si mlisema mnakaa?"

"Tulisema sote. Sote hatupo."

"Hayo sasa ni mambo ya ndani." Akausukuma ufunguo kwa kalamu mpaka ukafika upande wa Bi Pembe.

Aliondoka ofisini akaenda moja kwa moja kwa wifi yake, akakaa kwenye kiti cha marehemu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Nikibaki, nimewasaliti," alisema. "Nikitoka, nimelipwa. Wifi, wewe uliyesoma, hebu nitafutie neno la tatu."

"Neno la tatu ni chumba cha uani. Kitanda kipo, mlango wake unafungwa."

"Na watakaosema nimekuja kuponda raha kwako?"

"Waache waseme. Wameniita mchawi, hata arobaini ya kaka yako haijafika. Nimekufa?"

Bi Pembe alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Lakini alitaka atoke na jina lake. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na anayedhani ni dogo hajawahi kuishi mahali ambapo watu wanamjua. Alitaka Jirani na wenzake wasikie kutoka kinywani mwake kwamba nyumba ile hakuitaka peke yake. Kwa hiyo binti alimrekodi, ameketi wima, akisema kwa utulivu kwamba anahama kwa hiari yake, hakulipwa na hakulazimishwa, na kwamba kama hospitali ina huruma iwarudishe wote. Video ile iliwekwa asubuhi. Hadi mchana majibu yalikuwa mamia.

"Mtazameni macho yake, huyu kalazimishwa."

"Nani kasimama nyuma ya kamera?"

"Mama usiogope, tunakaa na wewe!"

Ule mstari wa kuwarudisha wote hakuna aliyeutaja. Binti aliifuta video, na kufutwa kwake kukawa ushahidi.

Jumamosi moja, kabla ya adhuhuri, wifi yake alikwenda na mwenye mkokoteni. Walikubaliana waanze na godoro. Bi Pembe alilivuta mwenyewe mpaka kwenye ngazi, kilemba kimelegea, na hapo ndipo alipokutana uso kwa uso na wageni wa Jumamosi wakipanda na kiti chao.

"Shikamoo mama," walisema wote, kisha wakaliona godoro. Nyuso zao zikabadilika.

"Wanakutoa?"

"Hapana, wanangu, mimi mwenyewe nina..."

"Msimwache aongee, amechoka! Shika huku! Wewe shika kule!"

Lazima isemwe kwamba walikuwa na adabu. Hawakumsukuma. Waliliinua godoro kwa pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma, mwingine akirekodi, wakalirudisha juu kwa uangalifu kama wanaobeba mgonjwa. Tangu jambo hili lianze hapakuwa na mtu wa mtandaoni aliyetoa jasho lake kwa ajili ya Bi Pembe, na sasa walilitoa kwelikweli; fulana zao zililowa mgongoni.

Wifi yake alipanda ngazi mbili mbili, pamoja na umri wake. "Shusheni hilo godoro! Anahama kwa hiari yake! Mwacheni atoke!"

Simu zote zikamgeukia. Mwanamke mrefu, mwenye miwani, sauti ya mwalimu, anaamuru godoro la mama wa kwenye picha lishushwe. Kuna aliyehitaji maelezo? "Huyu ndiye mtu wao," kijana mmoja alisema, na kuanzia saa ile akawa ndiye mtu wao. Video ile imesambaa kuliko picha ya kwanza. Waliofundishwa kusoma na mwanamke huyo wameituma kwa wenzao bila kuuliza.

Bi Pembe alikuwa tayari ndani. Walimtandikia godoro, wakachomekea shuka vibaya, wakamwambia asiogope. Akawashukuru. Angesema nini? Walipotoka, waliufunga mlango taratibu, wakakaa kwenye ngazi zote, kuanzia juu hadi chini, wakapigwa picha. Hapakubaki hata pa kuweka mguu.

Wifi yake aligonga.

"Nenda nyumbani, wifi," sauti ilisema kutoka ndani, bila hasira. "Utapigwa picha tena."

"Fungua, tutoke sote wawili."

"Tupite wapi? Huoni wamekaa?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kama Bi Pembe atajaribu tena kuondoka, siku gani, kwa njia ipi, na nani atamshikia godoro upande wa pili, hayo hayataandikwa hapa, na asije mtu mlangoni kuuliza. Aliyetaka ukweli ameupata. Zaidi ya hapo, hakuna.